Neno "free" la Kiingereza na njia zake katika Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiingereza anayefungua kamusi ili atafute neno "free" hukuta kwanza "huru", kisha "bure", na mara nyingi huishia hapo. Kamusi haikukosea. Shida iko kwingine: hakuna msemaji wa Kiswahili, awe wa Lubumbashi, wa Kindu au wa Bukavu, ambaye kwake maneno hayo mawili ni jamaa. Huru ni hali ya mtu. Bure ni habari ya bei. Mwingereza ameyaweka yote mawili chini ya paa moja, na juu yake ameongeza nafasi, utupu, ukarimu, ukosefu wa kitu, hata ukosefu wa adabu.

Kwa msomi wa Kongo hatari ni ya namna ya pekee, kwa sababu hafiki kwenye Kiingereza moja kwa moja; hupitia Kifaransa. Kifaransa kina "libre" na "gratuit", wala hakiyachanganyi. Mfasiri akiona "free" hulipeleka kwanza kwa "libre", na kutoka hapo kwa "huru", bila kusimama njiani. Ndipo hutokea sentensi kama "wagonjwa watapewa chakula huru" au, kinyume chake, "nchi ya bure". Ya kwanza humchekesha msomaji. Ya pili ni tusi, kwani nchi ya bure si nchi isiyolipiwa kitu, bali ni nchi isiyofaa kitu.

Asili ya neno lenyewe yasaidia kulifahamu. "Free" ni neno la kale la jamii ya lugha za Kijerumani, na shina lake lilikuwa na maana ya kupenda. Ndugu yake ni "friend", yaani rafiki. Wataalamu hueleza kwamba katika nyumba ya zamani walikuwamo watu wa ukoo, ndio wapendwa, na walikuwamo watumwa. Aliyependwa ndiye aliyekuwa huru. Kilatini kilifuata njia iyo hiyo: "liber" ni mtu huru, na "liberi" ni watoto wa nyumbani. Kwa hiyo huko Ulaya uhuru haukuanza kama hali ya mtu kujiendea peke yake, bali kama hali ya kuwa na kwao. Maana ya kutolipa ilizaliwa baadaye sana, pale kitu kilipoitwa huru kwa sababu hakina gharama juu yake.

Neno "huru" nalo limetoka katika Kiarabu, "hurr", mtu asiye mtumwa, mtu wa asili njema. Lakini katika Kiswahili cha pwani halikuwa peke yake. Palikuwa na "mwungwana", na tofauti ya maneno hayo mawili haikuwa ndogo. Mwungwana alikuwa amezaliwa huru, mwana wa watu, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Huru, na wingi wake "mahuru", lilitumika pia kwa mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Mwungwana hakuwahi kufunguliwa na mtu; huru alikuwa na aliyemfungua, na jambo hilo halikusahauliwa wala na yeye wala na majirani. Mwaka 1897 amri ya Sultani ilipoondoa utambuzi wa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, sheria iliweza kuongeza idadi ya mahuru. Kuongeza idadi ya waungwana haikuweza. Ndiyo maana Kiswahili cha leo kimehifadhi "uungwana" kwa maana ya adabu na tabia njema. Methali isemayo kwamba uungwana ni vitendo huenda ilikuwa, zamani hizo, jibu la waliokosa ukoo kwa waliokuwa nao.

Habari hiyo ya pwani inaihusu Kongo kuliko inavyodhaniwa. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa walipoingia Maniema katika karne ya 19, pamoja na Tippu Tip, watu wao waliitwa "wangwana". Wengi wao hawakuzaliwa pwani, na wengine walikuwa wenyewe wametoka utumwani. Lakini walivaa kanzu, wengi walifuata Uislamu, walibeba bunduki, na walisema Kiswahili. Hivyo katika bara la Kongo neno lililomtaja mtu wa ukoo huru lilikuja kumtaja mtu wa desturi fulani na wa lugha fulani. Lugha yao ikaitwa Kingwana. Mmisionari John Whitehead alichapa huko Wayika, mwaka 1928, kitabu cha kuifundisha chenye jina hilo, na kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walikiita hivyo Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Ukilifuata neno herufi kwa herufi, Kingwana ni lugha ya watu huru. Ililetwa na misafara ya biashara ya watumwa, na wengi wa waliojifunza kwanza walijifunza chini ya mtutu. Historia ya maneno haioni haya.

Na si neno hilo tu. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kwa Kifaransa iliitwa "État indépendant du Congo". Waingereza waliiita "Congo Free State". Vitabu vya Kiswahili, ambavyo mara nyingi hufuata vya Kiingereza, huandika "Dola Huru ya Kongo". Mwanafunzi wa shule ya sekondari anasoma kwamba babu zake waliishi katika Dola Huru, na katika ukurasa huohuo anasoma habari za kodi ya mpira, za mateka wanawake waliofungwa hadi waume zao walete utomvu, na za mikono iliyokatwa. Akiuliza uhuru huo ulikuwa wa nani, amefanya kazi ya mfasiri kuliko aliyefasiri kitabu.

Jibu lipo, nalo ni la lugha kwanza. Katika Kiingereza cha karne ile, "free state" ilikuwa dola isiyo chini ya dola nyingine. Kwa maana hiyo palikuwa na Orange Free State huko Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1854, na baadaye Irish Free State ya mwaka 1922. Neno halikusema chochote juu ya watu waliomo. Juu ya hayo, Mapatano ya Berlin ya tarehe 26 Februari 1885 yaliahidi kwamba biashara katika bonde la Kongo itakuwa huru kwa mataifa yote. Kwa hiyo "free" lilisikika likisema mambo mawili pamoja: dola isiyo na mkubwa juu yake, na soko lisilo na mlango. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilivunjwa haraka. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 iliifanya ardhi iliyoitwa tupu kuwa mali ya Dola, na katika miaka iliyofuata mazao ya ardhi hiyo yaliwekwa mikononi mwa Dola na makampuni. Uhuru wa mwenyeji haukuwamo katika neno tangu mwanzo.

Basi tafsiri gani ifaayo? "Dola Huru" si kosa la sarufi. Ni kosa la masikio. Tangu mwaka 1960 "huru" katika masikio ya Mkongomani limejaa kitu kingine kabisa. Kufuata Kifaransa na kuandika "Dola ya Kongo yenye kujitawala" ni afadhali, ingawa nako mtu aweza kuuliza ni nani aliyejitawala. Lililo salama zaidi katika kitabu cha shule ni kusema wazi "dola ya mfalme Leopold II", kisha kuyataja majina rasmi kama majina tu, katika lugha zao, bila kuyafasiri. Si kila jina linalodai kutafsiriwa.

Hapo panaonekana upungufu wa upande wa Kiswahili wenyewe, nao yafaa kuukiri. Kiingereza kina "independence" na "freedom", Kifaransa kina "indépendance" na "liberté". Kiswahili kimeweka yote katika "uhuru". Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kongo tarehe 30 Juni 1960. Wasemaji wa Lingala walichukua neno la Kifaransa wakalifanya "lipanda", na "lipanda" halisemi kitu kingine ila siku ile na hali ile ya nchi. "Uhuru" husema zaidi, na ndiyo nguvu yake. Lakini pia ndiyo hila yake. Mtawala aweza kusimama jukwaani akasema "tuna uhuru", akimaanisha bendera, huku msikilizaji asiyeweza kusema wala kuandika atakalo akijiuliza kama hakusikia vizuri. Kwa Kifaransa mchezo huo ni mgumu zaidi, maana msemaji hulazimika kuchagua neno. Mfasiri wa Kiswahili anayo "kujitawala" kwa nchi. Angefanya vema kulitumia palipo na hatari ya kuchanganya, na kuuacha "uhuru" kwa watu.

Katika jambo jingine Kiswahili kimewatangulia Waingereza. Kutoka katika Kiarabu kilekile, "hurriyya", lilipatikana "huria". Soko lisilopangiwa bei na serikali ni soko huria, wala si soko huru; biashara ya namna hiyo ni biashara huria. Mtu ni huru, utaratibu ni huria. Tofauti hiyo haikuamriwa na baraza lolote, imejitengeneza katika magazeti na redio, nayo ni nzuri. Imekwenda mbele hata kuliko "free" yenyewe: Tanzania ilipounda mwaka 1992 chuo cha kufundishia kwa mbali, kwa Kiingereza kiliitwa chuo kilicho wazi, na kwa Kiswahili Chuo Kikuu Huria. Watu wa kompyuta nao wamefaidika. Tangu miaka ya 1980 Richard Stallman na wenzake wamekuwa wakiwaeleza watu bila kuchoka kwamba programu wanazoziita "free" hazihusu bei bali haki ya kuzifungua, kuzibadili na kuzigawa. Hata wengine wamelazimika kuazima "libre" ya Kifaransa ili waeleweke. Anayesema "programu huria" hana haja ya maelezo hayo yote.

Maana ndogo za "free" zapita upesi, maana Kiswahili huzimaliza kwa maneno ya kila siku. Mtu akiulizwa kama yuko "free" kesho, huulizwa kama ana nafasi. Kiti kilicho "free" ni kitupu, au huulizwa tu kama kina mtu. Kinywaji kilicho "sugar-free" hakina sukari. Hapo Kiswahili hutumia kitenzi na ukanushi, "kisicho na", wala hakihitaji neno lolote la uhuru. Mwenye kutoa mali bila kuhesabu ni mkarimu, mwenye mkono wazi. Mwenye kujitoa mno mbele ya wakubwa ni mtovu wa haya. "Free kick" ya mpira wa miguu ni mfano mzuri wa jicho kugeuka: Mwingereza humtazama atakayepiga, naye yuko huru, hakuna wa kumzuia, Mfaransa husema vilevile, "coup franc". Watangazaji wa Kiswahili husema "mpira wa adhabu". Wao wamemtazama aliyekosa.

Kuhusu ushairi, mjadala ulikuwa mrefu, na hapa hautafunguliwa upya. Yatosha kukumbusha kwamba Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapinzani walikuwa na neno tayari, "guni", yaani shairi lenye kasoro. Watetezi walisema "mashairi huru". Kitu ni kimoja. Majina mawili ni hukumu mbili.

Linabaki "bure", ambalo ndilo gumu kuliko yote, ingawa huonekana jepesi. Kiingereza kimeunganisha uhuru na kutolipa. Kiswahili kimeunganisha kutolipa na kutofaa. "Amefanya kazi bure" ni sentensi yenye njia mbili: hakulipwa, au kazi yake haikuzaa kitu. Katika Biblia ya tafsiri ya Union, iliyochapwa mwaka 1952, neno hilohilo limetumika katika amri ya kutolitaja jina la Mungu ovyo, na tena katika Injili ya Mathayo pale wanafunzi wanapoambiwa watoe bila kulipwa jinsi walivyopokea. Mkristo husikia yote mawili kanisani na hapotei, maana muktadha humwongoza. Huko Lubumbashi, ambako husemwa "bule", maana ya pili imezidi nguvu: "mutu ya bule" ni mtu asiye na thamani, na "bule" peke yake yatosha kuwa jibu la aliyeulizwa alichopata sokoni na hakupata kitu.

Sasa mfasiri wa sheria afanyeje? Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kifungu chake cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne, katika muda wa siku 60. Kifungu cha 43 kinasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima, na ni "gratuit". Neno la Kifaransa limetoka katika Kilatini chenye maana ya hisani na shukrani. Halina harufu ya upungufu. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lina jambo hilohilo katika kifungu cha 26, na hapo Kiingereza kimeandika "free", neno lilelile lililotumika katika kifungu cha 1 kwa binadamu wanaozaliwa huru. Tafsiri ya Kiswahili ya Tamko imetenga vizuri: binadamu ni huru, elimu itolewe bure.

Pale ambapo Tamko lilisema juu ya elimu ya dunia nzima, "bure" halikuleta matata. Kongo mambo yalikuwa ya karibu zaidi. Tangu miaka ya 1990 wazazi walikuwa wamebeba wenyewe sehemu kubwa ya malipo ya walimu, mwezi baada ya mwezi. Septemba 2019 serikali ilipoanza kukitekeleza kifungu cha 43, watoto wengi walirudi shuleni na madarasa yakajaa kupita kiasi. Katika hali hiyo "elimu ya bure" ni maneno yanayojigeuza yenyewe mdomoni. Mzazi anayeona watoto wamebanana sakafuni hahitaji kuongeza hata silabi moja. Aseme tu polepole kwamba hii ni elimu ya bure, na ahadi ya serikali imekuwa shutuma. Kenya iliyaishi maneno hayohayo tangu mwaka 2003. Tanzania, kuanzia mwaka 2016, ilichagua katika nyaraka zake "elimu bila malipo", ingawa watu waliendelea kusema "elimu bure".

"Bila malipo" ni bora, kwa kuwa halisemi lolote juu ya thamani ya kitu. Lakini katika Kongo nalo lina mwiba wake. Malipo ya nani? Maelfu ya walimu walifundisha miaka hiyo bila kuwamo katika orodha ya mishahara ya serikali, na wazazi nao wakiwa wamekatazwa kuwalipa. Kwa mwalimu kama huyo "elimu bila malipo" si elimu asiyoilipia mtoto. Ni elimu asiyolipwa yeye, na kisarufi ana haki kabisa. Kuongeza "kwa mzazi" kungeondoa utata, ila kungekuwa kuweka katika sheria maneno ambayo sheria haikuyasema.

Njia iliyobaki ni "bila ada". Neno "ada" si la kila siku Lubumbashi, ambako watu husema "minervali", na wengine watalisikia kwanza kwa maana ya desturi. Hata hivyo lina faida ambayo mengine hayana: ada hutoka kwa mwanafunzi kwenda shuleni, na kwa upande huo tu. Mshahara wa mwalimu haumo ndani yake.